Tembe za kolesteroli na ‘chokaa’ ya mishipa: Kwa nini kalsiamu ikiongezeka si lazima dawa imeshindwa

KUNA jambo moja linalowatia kiwewe wagonjwa wengi wa moyo. Mtu huambiwa na daktari kwamba mishipa ya moyo wake imeanza kujaa kalsiamu. Huandikiwa tembe za kupunguza kolesteroli, naye akazimeza kila siku bila kukosa. Baada ya miaka miwili au mitatu anarejea kupigwa picha, na majibu yanaonyesha kwamba kalsiamu haikupungua bali imeongezeka.

Wengi hukata tamaa papo hapo. Hukumu wanayoifikia ni kwamba dawa imeshindwa au, mbaya zaidi, kwamba dawa yenyewe ndiyo iliyowadhuru. Wapo wanaoziacha tembe hizo bila hata kumwarifu daktari.

Uamuzi wa aina hiyo unaweza kugharimu maisha. Utafiti uliofanywa kwa zaidi ya miongo miwili umebainisha kwamba dawa za kupunguza kolesteroli, zinazojulikana kama statini, haziondoi kalsiamu mishipani na mara nyingi huiongeza kidogo. Hata hivyo, dawa hizo hizo hupunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo. Yafuatayo ni maelezo ya jinsi mambo haya mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Kalsiamu hufikaje mishipani?

Moyo hulishwa damu na mishipa iitwayo ateri za korona. Kolesteroli ya aina ya LDL, ambayo wengi huiita kolesteroli mbaya, inapozidi katika damu hupenya tabaka la ndani la ukuta wa ateri na kunaswa humo. Chembe za kinga za mwili huifuata na kuimeza. Nyingi kati ya chembe hizo hufa zikiwa zimejaa mafuta, na mabaki yake huwa kama uji mzito ndani ya ukuta wa mshipa.

Mwili hujaribu kuliziba donda hilo kwa kifuniko cha nyuzi. Mafuta, chembe zilizokufa na kifuniko hicho kwa pamoja ndivyo vinavyounda kile tutakachokiita utando katika makala haya.

Utando ulio hatari zaidi si lazima uwe ule mkubwa kuliko yote. Mara nyingi ni ule wenye mafuta mengi ndani na kifuniko chembamba juu. Kifuniko kikipasuka, damu huganda mahali hapo, mshipa ukazibika ghafla na sehemu ya misuli ya moyo ikakosa oksijeni. Huo ndio mshtuko wa moyo. Jambo lilo hilo likitokea katika mishipa ya ubongo, mtu hupatwa na kiharusi.

Kalsiamu huja kama sehemu ya jitihada za mwili za kulidhibiti donda. Baadhi ya chembe za misuli zilizo katika ukuta wa mshipa hubadili tabia na kuanza kufanya kazi inayofanana na ile ya chembe zinazojenga mifupa. Mwanzoni hutokea punje ndogo mno zilizotawanyika. Kadiri muda unavyosonga, punje hizo huungana na kuwa mabamba magumu, mfano wa ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika.

Mfano huo usimpotoshe msomaji akadhani kwamba chanzo ni maji ya kisima au maziwa anayokunywa. Kalsiamu ya chakula sicho kiini cha maradhi haya. Kiini ni donda lililo ndani ya ukuta wa mshipa.

Maradhi yenyewe si ya jana wala juzi. Mnamo mwaka wa 2013, jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti 137 za kale zilizohifadhiwa kwa kukaushwa, kutoka Misri, Peru, kusini magharibi mwa Marekani na visiwa vya Aleutian. Maiti 47 kati ya hizo, yaani takriban thuluthi moja, zilikuwa na dalili za ugonjwa wa mishipa, na kilichowawezesha wachunguzi kuzitambua ni kalsiamu iliyosalia kwenye kuta za mishipa.

Alama ya kalsiamu

Mwaka wa 1990, daktari wa moyo Arthur Agatston na wenzake nchini Marekani walichapisha njia ya kupima kalsiamu iliyo katika ateri za korona kwa kutumia picha ya CT. Uchunguzi huo huchukua dakika chache, hauhitaji sindano ya dawa ya kuangaza mishipa, na hutumia kiasi kidogo cha mionzi.

Kompyuta hutafuta sehemu zenye ung’avu wa kalsiamu, ikapima upana wa kila sehemu, kisha ikauzidisha kwa nambari ya kati ya 1 na 4 kulingana na ugumu wa kalsiamu hiyo. Jumla yake ndiyo alama ya mgonjwa. Alama ya 0 humaanisha kwamba hakuna kalsiamu iliyoonekana. Alama ya kati ya 1 na 99 huhesabiwa kuwa ya chini, 100 hadi 399 ya wastani, na 400 au zaidi ni ya juu.

Alama hii imethibitika kuwa kipimo kizuri cha kutabiri hatari kwa watu ambao bado hawajaanza matibabu. Utafiti mkubwa wa Marekani unaofahamika kwa kifupi kama MESA, ulioanza mwaka wa 2000 na kuwashirikisha watu 6,814 wa asili mbalimbali, Waafrika wa Marekani wakiwamo, ulionyesha kwamba kadiri alama inavyokuwa kubwa, ndivyo uwezekano wa kupatwa na maradhi ya moyo unavyoongezeka.

Hapo ndipo lilipozuka wazo lililoonekana kuwa la kimantiki: ikiwa kalsiamu nyingi ni ishara ya hatari, basi dawa inayopunguza hatari haina budi kupunguza kalsiamu.

Chimbuko la statini

Statini zilianzia kwenye kuvu. Mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, aliyefariki mwaka wa 2024 akiwa na umri wa miaka 90, alichunguza maelfu ya aina za kuvu mwanzoni mwa miaka ya 1970 akitafuta kiini kinachoweza kuzuia kimeng’enya ambacho mwili hukitumia kutengeneza kolesteroli. Alikipata katika kuvu ya jamii ya Penicillium, ambayo ndiyo jamii iliyoupa ulimwengu penisilini.

Wakati huo huo, Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani walikuwa wakichunguza jinsi ini linavyoondoa kolesteroli mbaya katika damu kwa kutumia vipokezi maalumu. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1985. Statini inapopunguza kolesteroli inayotengenezwa ndani ya ini, ini huongeza vipokezi hivyo ili kujitafutia kolesteroli kutoka kwenye damu, na kiwango cha LDL kikashuka.

Statini ya kwanza kuidhinishwa nchini Marekani, lovastatini, iliingia sokoni mwaka wa 1987. Baadaye zilifuata simvastatini, pravastatini, atorvastatini na rosuvastatini, miongoni mwa nyingine.

Uthibitisho kwamba dawa hizi huokoa maisha ulitoka nchi za Skandinavia mwaka wa 1994. Wagonjwa wa moyo 4,444 walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano, nusu wakimeza simvastatini na nusu tembe zisizo na dawa. Vifo vilipungua kwa asilimia 30 miongoni mwa waliopewa dawa. Uchambuzi wa mwaka wa 2010 uliojumuisha tafiti 26 na watu wapatao 170,000 ulionyesha kwamba kila LDL inaposhushwa kwa milimoli 1 kwa lita, matukio makubwa ya maradhi ya moyo na mishipa hupungua kwa takriban moja kwa tano.

Matumaini yaliyozimika

Mnamo mwaka wa 1998 ilichapishwa ripoti iliyowatia moyo wengi. Watu 149 walipigwa picha za CT mara mbili, na wale waliokuwa wametumia statini na kolesteroli yao ikashuka sana walionekana kuwa na kalsiamu iliyosimama au hata kupungua. Hata hivyo, uchunguzi huo ulitegemea kumbukumbu za wagonjwa wa awali. Hawakuwa wamegawanywa kwa kura tangu mwanzo katika kundi la dawa na kundi la tembe zisizo na dawa.

Tafiti za kura zilipofanywa, matokeo yalikuwa mengine. Mwaka wa 2005, wanawake 615 waliokwisha kukoma hedhi walilinganishwa; baadhi walipewa kipimo kikubwa cha atorvastatini, na wengine pravastatini yenye nguvu ndogo zaidi. Atorvastatini ilishusha LDL kwa karibu nusu, pravastatini kwa karibu robo. Pamoja na tofauti hiyo kubwa, kalsiamu iliongezeka kwa kiwango kilichokaribiana katika makundi yote mawili.

Mwaka huo huo, utafiti mwingine wa Marekani uliowafuatilia watu 1,005 waliokuwa na alama za juu ulionyesha kwamba atorvastatini, ikitolewa pamoja na vitamini C na E, haikuzuia kalsiamu kuongezeka.

Wako waliotumia matokeo haya kudai kwamba statini hazina faida kwa mishipa. Ukweli ni kwamba kipimo kilikuwa kinaulizwa swali ambalo hakikuundwa kulijibu.

Fumbo lafumbuliwa

Jibu lilianza kupatikana pale wataalamu walipoacha kuitazama kalsiamu peke yake, wakautazama utando mzima. Mwaka wa 2015 ilichapishwa tathmini ya tafiti nane zilizowahusisha wagonjwa 3,495, ambao ateri zao zilichunguzwa kwa ndani kwa kifaa chembamba cha mawimbi ya sauti. Waliotumia statini kwa kipimo kikubwa walikuwa na utando uliopungua ukubwa, na papo hapo kalsiamu yao iliongezeka kuliko ya watu wasiotumia statini kabisa.

Utafiti wa kimataifa uitwao PARADIGM, uliochapishwa mwaka wa 2018 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 1,200, ulifika mahali pale pale kwa njia ya picha za CT. Kwa waliotumia statini, utando kwa jumla ulikua polepole zaidi, lakini sehemu yake iliyo ngumu kwa kalsiamu iliongezeka kwa kasi zaidi.

Kwa maneno mengine, statini hufyonza mafuta kutoka ndani ya utando na kutuliza mashambulizi ya chembe za kinga. Kinachosalia ni nyuzi na kalsiamu. Punje zilizokuwa zimetawanyika huungana, na utando laini unaoweza kupasuka huwa mgumu na mtulivu. Ni kama kidonda kinachofanya kovu: kovu halipendezi, lakini ni afadhali kuliko kidonda kibichi.

Ushahidi mwingine ulitokana na MESA. Mwaka wa 2014, uchambuzi wa takwimu za washiriki 3,398 waliokuwa na kalsiamu ulionyesha kwamba wingi wa kalsiamu uliandamana na hatari zaidi, ilhali ugumu wake uliandamana na hatari ndogo. Kati ya watu wawili wenye kalsiamu ya ukubwa sawa, aliye na kalsiamu ngumu zaidi ndiye aliye salama zaidi.

Hapa ndipo kasoro ya alama ya Agatston inapojitokeza. Kama tulivyoona, hesabu yake huongeza alama kila kalsiamu inapokuwa ngumu zaidi. Basi mgonjwa ambaye utando wake umetulia na kukomaa kwa sababu ya dawa anaweza kupewa alama kubwa kuliko aliyokuwa nayo awali, ingawa hatari inayomkabili imepungua.

Hali inayofanana na hiyo imeonekana kwa watu wa mbali kabisa na wodi za hospitali. Tafiti za mwaka wa 2017 nchini Uholanzi na Uingereza ziliwapata wanaume waliofanya mazoezi makali kwa miaka mingi wakiwa na kalsiamu zaidi kuliko wenzao, lakini aghalabu utando wao ulikuwa wa aina ile ngumu iliyo tulivu.

Pale statini zisipofua dafu

Si kila kalsiamu iliyo katika mfumo wa damu hutokana na mafuta, na ni muhimu kutofautisha.

Kwanza ni vali ya aota, mlango ambao damu hupitia ikitoka moyoni. Kwa baadhi ya wazee vali hii hujaa kalsiamu, ikakakamaa na kushindwa kufunguka vyema. Ilitarajiwa kwamba statini zingeuchelewesha ugonjwa huo. Utafiti wa Scotland wa mwaka wa 2005 uliohusisha wagonjwa 155, na mwingine mkubwa wa mwaka wa 2008 uliowahusisha wagonjwa 1,873, ulionyesha kwamba dawa hazikupunguza kasi ya vali kuharibika. Tiba ya vali iliyoziba sana hubakia kuwa kuibadilisha.

Pili ni kalsiamu inayojaa katika tabaka la katikati la ukuta wa ateri, hali iliyoelezwa na daktari Mjerumani Johann Georg Mönckeberg mwaka wa 1903. Hii huwapata hasa wazee, wagonjwa wa kisukari na wenye maradhi ya figo. Haizibi mshipa, ila huufanya kuwa mgumu kama bomba, na moyo ukalazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Kwa wagonjwa wa figo, madini ya fosfeti yanayozidi katika damu huchangia pakubwa.

Kwa sababu hiyo haishangazi kwamba statini hazina nguvu ile ile kwa watu ambao figo zao zimekufa na wanaosafishwa damu kwa mashine. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka wa 2005 uliohusisha wagonjwa 1,255 wa kisukari, na mwingine wa kimataifa wa mwaka wa 2009 wenye wagonjwa 2,776, haukuonyesha faida ya wazi ya kuanza statini katika hatua hiyo. Kinyume chake, utafiti wa mwaka wa 2011 wa watu 9,270 wenye maradhi ya figo, ambao wengi wao walikuwa hawajafikia hatua ya mashine, ulionyesha kwamba simvastatini ikiunganishwa na ezetimibu ilipunguza matukio makubwa ya mishipa kuziba kwa asilimia 17. Funzo ni kwamba wakati wa kuilinda mishipa ni mapema.

Wanaoishi na virusi vya Ukimwi

Suala hili linagusa Afrika Mashariki kwa njia ya pekee. Watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao sasa huishi maisha marefu kutokana na dawa za ARV, wamo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo kuliko watu wengine.

Utafiti uitwao REPRIEVE, uliowashirikisha watu 7,769 wanaotumia ARV katika nchi 12, Uganda ikiwa mojawapo, ulitoa matokeo yake mwaka wa 2023. Waliopewa statini iitwayo pitavastatini walipata matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 35 kuliko waliopewa tembe zisizo na dawa. Picha za CT za baadhi ya washiriki wa Marekani zilionyesha kwamba kilichopungua baada ya miaka miwili, kwa takriban asilimia 7, ni utando laini usio na kalsiamu. Kwa mara nyingine tena, faida ilipatikana pasipo kalsiamu kuondoka.

Ni vyema kutahadharisha kwamba si kila statini inapatana na kila ARV. Simvastatini, mathalani, haipaswi kutumiwa pamoja na dawa zenye ritonaviri, kwa kuwa kiwango chake katika damu hupanda kupita kiasi na misuli ikaweza kuharibika vibaya. Anayetumia ARV amweleze daktari dawa zote anazomeza.

Mgonjwa afanye nini?

Kwanza, usiache dawa kwa sababu ya alama ya kalsiamu iliyopanda. Kipimo cha kujua kama statini inafanya kazi ni cha damu, kinachoonyesha kama LDL imeshuka. Kwa mtu ambaye tayari anatumia statini, kurudia picha ya kalsiamu ili kuipima dawa ni kutumia pesa bila kupata jibu.

Pili, fahamu wakati ambapo picha hiyo ina manufaa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka wa 2018 ulipendekeza itumike pale mgonjwa aliye katika hatari ya wastani na daktari wake wanapositasita kuhusu kuanza dawa. Alama ya 0 inaweza kuruhusu kusubiri, isipokuwa mtu awe mvutaji sigara, mgonjwa wa kisukari au awe na jamaa wa karibu waliopatwa na maradhi ya moyo mapema. Alama ya 100 au zaidi ni sababu ya kuanza. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo hahitaji picha hiyo, anahitaji dawa.

Tatu, usiyapuuze madhara, wala usiyakuze. Maumivu ya misuli hutajwa mara nyingi, na ni haki ya mgonjwa kuyaripoti, hasa yakiwa makali au mkojo ukigeuka rangi kuwa mweusi. Statini pia huongeza kidogo uwezekano wa kupata kisukari. Lakini utafiti wa Uingereza wa mwaka wa 2020, uliowahusisha watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara, ulionyesha kwamba takriban asilimia 90 ya usumbufu walioupata wakimeza dawa waliupata pia wakimeza tembe zisizo na dawa yoyote. Anayesumbuliwa na statini moja anaweza kubadilishiwa nyingine au kupunguziwa kipimo. Mjamzito au anayekusudia kushika mimba azungumze na daktari wake kwanza.

Nne, usiyakimbie maziwa. Anayemeza tembe za kalsiamu bila ushauri ndiye anayefaa kumwuliza daktari kama anazihitaji.

Mwisho, tembe si badala ya mwenendo. Kuacha sigara, kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, kupunguza chumvi na mafuta yanayoganda, na kuupa mwili mazoezi, yote haya hulinda mishipa ambayo statini peke yake haiwezi kuilinda.

Kalsiamu iliyo mishipani ni kumbukumbu ya majeraha ya miaka iliyopita, na haifutiki kwa tembe. Kinachoweza kubadilishwa ni kama jeraha jipya litatokea. Mgonjwa atakayeipima dawa yake kwa kumbukumbu hiyo ataitupa wakati ambapo inamfaa zaidi.